Kanda za Mama

Kila nilipomfikishia Fundi kanda tupu za video kutoka Murongo, alizihesabu, akanirudishia nami nizihesabu, kisha tukatazamana kimya kama watu wawili wanaoshukiana kwa heshima. Mimi huhesabu kila kitu mara mbili. Ni ugonjwa wa sokoni, hauninyimi usingizi. Yeye alihesabu mara moja tu, ila polepole, hivi kwamba mara yake moja ilikuwa ndefu kuliko zangu mbili. Siku ya kwanza aliponiona narudia, aliniangalia kwa juu ya miwani.

"Wewe bibie, ukizihesabu tena zitazaa?"

"Zikizaa nitakuletea na watoto, kwa bei ileile."

Tangu siku hiyo hakuniita kwa jina. Aliniita Bi Mara Mbili, na nusu ya soko la Kayanga ikamfuata. Mimi nilimwita Fundi, kama watu wote. Jina alikuwa nalo, lakini hakuna aliyelihitaji. Mafundi wa baiskeli walikuwepo, wa cherehani walikuwepo, wa redio walikuwepo, na kila mmoja aliitwa fundi pamoja na kitu kingine nyuma yake. Fundi mtupu, asiye na mkia, alikuwa yeye.

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini mwanzoni. Nilikuwa na meza ya vitenge sokoni, na vitenge nilivifuata Murongo, vikivuka kutoka upande wa Uganda. Mkoba ukirudi na nafasi ni hasara, kwa hiyo nilijazia vitu vidogo vyenye kutakiwa: betri, sindano, sabuni za kunukia, na hizo kanda. Ndivyo tulivyofahamiana. Alikuwa mtu mzima tayari, ndevu zimekuwa nyeupe upande mmoja kuliko mwingine, na kofia yake ya kushona kwa mkono ilikuwa safi kuliko kitu kingine chochote chumbani mwake. Asili yake ilikuwa pwani. Sisi tulijua kwa jinsi alivyotamka "thelathini" bila kujitahidi.

Chumba chake kilikuwa nyuma ya duka la chumvi na mafuta ya taa. Mlikuwa na televisheni moja, deki mbili za video zilizounganishwa kwa waya, na viti ambavyo havikupata kuwa ndugu. Nje, jenereta ilikohoa chini ya bati. Kamera, ile ya kubeba begani, ililala ndani ya sanduku la mbao, imefunikwa kanga kama mtoto mwenye homa. Kwa ajili ya kamera hiyo watu wa Ihembe, wa Kanoni, mpaka huko upande wa Kyerwa walimjua kuwa ni mpiga video. Mwenyewe hakulipenda neno hilo.

"Kupiga ni jasho," alisema. "Jasho hata punda analo. Kazi ni kukata."

Na kukata kwenyewe kulikuwa hivi. Harusi zetu hazikuwa jambo la saa mbili. Harusi ilianza na moshi wa jikoni, ikaenda kanisani, ikarudi, ikahutubiwa, ikacheza, ikagombana kidogo, ikapatana, na kamera muda wote iko begani mwa Fundi. Kanda zilijaa moja baada ya nyingine. Lakini ndugu aliyekuwa Mwanza au Kampala, ambaye ndiye hasa aliyesubiri kuiona, hakuwa na televisheni. Alikuwa na jirani mwenye televisheni, na uvumilivu wa jirani haukuzidi kanda moja. Basi Fundi alitia kanda iliyojaa katika deki ya kushoto, na kanda tupu katika deki ya kulia, akaketi, kidole juu ya kitufe cha kusimamisha. Kilipopita cha kubaki, aliachia. Kilipokuja cha kutupwa, alibonyeza. Akikosea, alirudi nyuma akaanza tena. Harusi ya kutwa nzima ilitoka pale imekonda, imeenea katika kanda moja, ikafungwa kwa gazeti na kamba ya katani, ikakabidhiwa dereva wa basi. Hizo aliziita kanda za kusafiri. "Msafiri habebi kinu," alisema.

Alipomaliza, alivunja kile kijino cha plastiki kilicho ubavuni mwa kanda, ili asije mtu akarekodi mpira juu ya ndoa ya watu. Alikivunja kwa kisu kidogo mbele ya mteja, kikalia *ta!*, kisha akakitupa katika kopo la maziwa lililokuwa dirishani. Niliwahi kumuuliza anaviweka vya nini.

"Wewe unaweka noti, mimi naweka vijino. Tutaona nani ataibiwa kwanza."

Mtu angedhani mwenye kazi ya kufupisha mambo ya watu atakuwa mfupi wa maneno. Loo. Ulimuuliza bei, akaanza na mvua. Kutoka kwenye mvua akaja kwenye barabara, kutoka kwenye barabara akaja kwenye mafuta ya jenereta, na ulipofika kwenye bei yenyewe ulikuwa umechoka, ukakubali. Mimi nilimgundua mapema. Alipoanza na mvua nilianza na jua, tukaenda sambamba mpaka mmoja akakohoa. Mara nyingi alikohoa yeye, kwa sababu ya moshi wa jenereta, na sikuona aibu kuutumia moshi huo.

Alikuwa Mwislamu wa sala tano, na alizijua nyimbo za kanisani kuliko wanakwaya. Hakuzijua kwa kutaka. Mtu akirudisha wimbo uleule nyuma na mbele siku nzima akitafuta pa kukatia, wimbo unamwingia. Nilimkuta siku moja anapanga waya huku anaimba sauti ya pili ya wimbo wa kuingia maharusi. Aliponiona alinyamaza, akasema kwamba sauti ya pili ya kwaya ile ina kasoro, na yeye alikuwa anairekebisha tu.

Hatari kubwa ya kazi yake haikuwa mashine. Ilikuwa wajomba. Kila harusi ilikuwa na mjomba aliyehutubia mpaka mafuta ya jenereta yakaisha, na mjomba huyo ndiye aliyekuja chumbani kwa Fundi, amevaa koti, kuhakikisha hotuba yake haikuguswa. Fundi hakubishana na mtu. Alibakiza mwanzo wa hotuba, mahali mjomba alipokohoa na kurekebisha kola, akabakiza mwisho, mahali watu walipopiga makofi kwa furaha ya kuwa amemaliza, na katikati akaweka sura za wazee wanaotikisa kichwa. Waliotikisa kichwa walikuwa wanasinzia, lakini kanda haisemi hivyo. Nilikuwepo mjomba mmoja wa Kanoni alipoangalia hotuba yake iliyokatwa namna hiyo. Alitazama kwa makini mpaka mwisho, akanigeukia.

"Umeona, dada? Nilisema machache, lakini mazito."

Fundi alikuwa amegeukia ukutani, anapanga waya ambazo zilikuwa zimekwisha pangwa.

Mpaka hapo ungemwona mjanja tu, na mjanja mwenzangu simshangai. Kilichonifanya nimkumbuke ni kanda nyingine, ambazo hazikuwa katika bei yake wala hakuzitangaza.

Kwetu miaka ile, mama wa binti hakuandamana na harusi kwenda kwa mkwe. Wajomba walikwenda, shangazi walikwenda, hata majirani wasiopatana naye walikwenda, wakarudi wameshiba. Yeye alibaki mlangoni akisikia magari yakipotea kwenye kona. Na hata baadaye hakuwa na ruhusa ya kujiendea tu. Mama mkwe na mkwe walikwepana njiani, mmoja akiingia migombani mpaka mwingine apite. Binti aliweza kuolewa kilima cha pili na mama asijue mlango wa nyumba yake unatazama wapi.

Fundi alikuta jambo hili, halikuwa la kwao, na hakulitolea maoni. Alichofanya ni kwamba kila alipomaliza kanda ya kusafiri, alivirudia vile alivyovitupa, akatengeneza kanda ya pili, akampelekea mama wa binti. Humo hamkuwa na keki wala hotuba. Mlikuwa na nyumba: bati lina kutu au halina, kisima kiko mbali au karibu, migomba ni minene au imeachwa na magugu. Mlikuwa na wifi anayecheka na wifi asiyecheka. Mlikuwa na bibi harusi anakunywa maji, na aliyemletea.

"Mama haangalii keki," aliniambia. "Mama anaangalia paa."

Ili apate picha hizo, alilala kwenye nyumba ya harusi, na asubuhi yake, wengine wakiuguza vichwa vya rubisi, pombe yetu ya ndizi, alizungukazunguka uani na betri iliyobaki. Watu walidhani anajaribu mashine.

Mdogo wangu Kemilembe aliolewa upande wa Murongo. Mimi ndiye niliyemleta mchumba, kwa maana kwamba kijana alianza kuja mezani kwangu kununua vitenge ambavyo hakuwa na mtu wa kumvalisha, na Kemilembe ndiye aliyempimia. Alipomaliza kununua vitenge vya kutosha ukoo mzima nikaelewa. Kijana hakuwa na neno. Neno lilikuwa kwa mama yake. Katika soko mwanamke mmoja alimnong'oneza mama yetu kwamba mkwe mwenza yule ana ulimi wa msumeno, na kwamba mke wa mwanawe wa kwanza alirudi kwao hata hajajua jirani ni nani.

Mama yetu alikaa Ihembe na neno hilo. Harusi ikaja, ikapita, magari yakapotea kwenye kona. Kilichobaki kilikuwa kikapu.

Kwa ukoo wetu, binti akiishaondoka, mama hutuma kikapu chenye mfuniko: ulezi, na kahawa ya kutafuna. Kikapu kinasema, nimeridhika, huyu sasa ni wenu. Mpaka kifike, bibi harusi ni mgeni. Anafagia, anamenya, lakini hainjiki chungu chake mwenyewe motoni. Kwa kawaida kikapu huondoka baada ya siku chache. Cha mama yetu kilikaa juu ya kabati, kitupu. Nilikwenda Murongo nikarudi, nikaenda tena nikarudi, na kila mara mtu wa upande ule aliniuliza kwa upole ambao haukuwa upole, "Mama hajambo? Au ulezi haukustawi mwaka huu?" Kemilembe mwenyewe alinisindikiza mpaka njiani, akasema neno moja tu: "Dada, nimekuwa mgeni mpaka nimechoka kukaribishwa."

Nilimwendea mama.

"Mama, watu wanasema."

"Waache waseme, midomo ni yao."

"Kikapu, mama."

"Nitatumaje kikapu mahali nisipopajua? Ulezi wangu ukifika utamwagwa au utapikwa? Wewe unajua?"

Sikujua. Nikaenda kwa Fundi kuuliza kanda ya mama imefika wapi.

Ilikuwa tayari, isipokuwa alikuwa hajavunja kijino. Akaniwekea niione. Niliona nyumba: bati zuri, kisima karibu. Niliona migomba, nikaridhika, nikaanza kuhesabu mikungu kwa mazoea. Ndipo ikaja asubuhi ya pili, uani, wanawake wa nyumba ile wamekaa mstari mmoja juu ya vigoda wakimenya ndizi, na Kemilembe wangu katikati, kichwa kimeinama. Mama mkwe wake, mwanamke mrefu, mkavu, alikuwa mwisho wa mstari. Alimtazama, akasema kwa sauti ambayo kamera haikuhitaji kuisogelea:

"Mikono hii imezoea kupima vitambaa. Hapa tunamenya mkungu, hatupimi yadi."

Wanawake wakacheka. Kisha akainuka: "Sogea. Sogea huko, unapiga watu viwiko. Nenda kakae kule mwisho." Kemilembe akainuka na kisu chake, akaenda mwisho wa mstari. Kanda ikaendelea na kuku.

 Vitambaa vile vilikuwa vyangu.

"Fundi, hapo kata."

"Wapi?"

"Hapo pa mikono. Mama akiona hapo, kikapu hakiondoki hadi Yesu arudi."

Akarudisha nyuma, akaangalia tena, kofia ameisogeza nyuma. Kisha akatikisa kichwa.

"Sikati."

"Wewe? Umekata hotuba ya mwenyekiti mzima. Umemkata katekista katikati ya Baba Yetu!"

"Baba Yetu naijua inavyokwisha. Hotuba naijua. Mimi nakata ninachokielewa, Bi Mara Mbili. Hapa sielewi. Kwa nini amemhamisha?"

"Kumwaibisha! Hujasikia?"

"Kusikia nimesikia. Kuelewa bado. Aliyekuwa amekaa mwisho ni yeye mwenyewe. Mtu anamfukuza mwenzake kwa kumpa kiti chake?"

"Nitakuongezea."

"Bei ya kukata ninayo. Bei ya kumficha mama hali ya mwanawe sijaipanga."

"Nitakuletea kanda kumi, sitachukua kitu."

Hapo alinitazama kwa huruma ya kweli, maana alijua sijawahi kutoa hata pini bure. "Basi umeogopa," alisema. "Keti, unywe chai. Na usiku huu ujiulize: nikipaondoa, na kesho ikawa ndipo palipokuwa na maana, utaparudisha wapi?"

Nilikunywa chai yake kwa hasira. Kabla sijaondoka nilimfanya aniwekee tena pale pa mikono, nikapaangalia mara mbili. Mara zote mbili niliona kilekile: mtu anaaibishwa. Siku mbili baadaye, mchana wa siku ya soko, mama alikuja na gari la kahawa, kajifunga kitenge kipya ambacho nilikuwa nimempa kwa bei ya ununuzi. Fundi alimpa kile kiti chenye mgongo.

"Shikamoo, mama," alimwambia, japo kwa umri walikuwa karibu sawa.

"Marahaba, waitu," mama alijibu kwa neno letu la heshima. "Nasikia unao mwanangu humo ndani."

"Yumo, mama. Mzima."

Akawasha. Mama aliangalia kama anavyoangalia mtu anayevuka mto, hakuna jicho linalopepesa. Kwenye bati alisema, "Mm." Kwenye kisima alisema, "Karibu, vizuri." Ulipofika ule uwanja na ule mstari wa wanawake nilishika ukingo wa kiti. *Mikono hii imezoea kupima vitambaa.* Mama alikaza taya. *Sogea huko.* Kemilembe akainuka. Kuku wakapita.

"Rudisha," mama alisema.

Fundi akarudisha. Maneno yaleyale, taya ileile.

"Rudisha tena. Na hiyo sauti ipunguze, inanizuia kuona."

Fundi akazungusha sauti mpaka ikafa. Sasa uani walikuwa wanawake wasiosema kitu, wanamenya tu. Mama akainuka, akasogea mpaka pua ikakaribia kioo, akaweka kidole juu ya mwanamke yule mrefu.

"Huyu ni shoto."

"Nani, mama?"

"Huyu, mama yao. Angalia kisu kiko mkono gani."

Nikaangalia. Kisu kilikuwa mkono wa kushoto. Mimi mwenye kuhesabu mara mbili nilikuwa nimempita mara zote mbili.

Na Kemilembe pia ni shoto. Tangu mdogo mama alijaribu kumgeuza, akamfunga kitambaa, akamnyima kijiko, akashindwa. Mtu shoto akikaa katikati ya mstari wa wamenyaji, kiwiko chake kinagongana na cha jirani. Kisu kinateleza, ndizi inaharibika, na wanasema hajui kazi. Mahali pake ni pale tu, mwisho wa mstari, upande wa kushoto, ambako kiwiko kina uwanja. Yule mwanamke alikuwa amekaa hapo maisha yake yote. Ndipo mahali alipompa.

Bila sauti ilionekana wazi kama ndizi iliyomenywa. Alimwinua, akakisogeza kigoda chake mwenyewe kwa mguu kimkute, akalivuta beseni la maji aliweke upande wa mkono wa msichana. Kisha yeye akaenda kujibana katikati, pale pabaya, kiwiko kimebanwa ubavuni, anamenya kwa taabu, mdomo bado unasema.

Mama alirudi kukaa. Alitafuna punje ya kahawa mpaka ikaisha.

"Ulimi anao kweli," alisema. "Lakini amemwona mwanangu. Mimi nilichukua miaka kumkubali na mkono wake, huyu amechukua asubuhi moja." Akamgeukia Fundi. "Baba, ulijua?"

"Sikujua, mama. Nilijua tu kwamba sijui."

Wiki ile kikapu kilishuka kabatini. Nilikipeleka mwenyewe Murongo, kizito, mfuniko umeshonwa kwa uzi wa mgomba. Mama mkwe wa Kemilembe alikipokea mbele ya watu, akakifungua, akatia punje ya kahawa mdomoni, akanitazama toka juu mpaka chini.

"Mmechelewa," alisema.

Kisha kwa mkono wa kushoto akaushika ulezi, akauonja, akamwita Kemilembe aje ainjike chungu. Nililala hapo siku mbili, na sijawahi kukalishwa vizuri hivyo wala kutukanwa hivyo katika nyumba moja.

Niliporudi nilimweleza Fundi yote. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo halikuwa tabia yake, akasema ni vizuri, akaanza habari za mvua. Kanda kumi nilizomwahidi hakuniuliza, nami sikumkumbusha. Hatukuwa tumepatana.

Siku hizi mtoto wa Kemilembe ndiye mwenye kazi hizi, ingawa hana deki. Juzi alikuwa na video ya kipaimara cha nduguye. "Mama mkubwa, faili ni kubwa mno, haipandi mtandaoni," akawa anapunguza kwa kidole, hapa anatoa, pale anatoa, harakaharaka. Nikamuuliza kama anavyovitoa anavielewa. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa uzito wa moshi. Lakini nilimwona kidole kimesimama kidogo hewani.

Mara ya mwisho nilimkuta Fundi chumbani kwake palepale, miaka ya tisini inakaribia kuisha. Televisheni zilikuwa zimeanza kuwa kitu cha kawaida Kayanga, vijana wamekuja na kamera zinazoenea kiganjani, na harusi zao zilitoka ndefu kama zilivyoingia, hakuna aliyezikata. Jenereta haikuwa inakohoa. Nilipofika ndipo aliiwasha. Niliona alivyoivuta ile kamba, mara moja, mbili, mara nyingi. Mikono ilikuwa inatetemeka.  Aliona kwamba nimeona.

"Bi Mara Mbili, leo wewe ndiye fundi," alisema. "Nina kanda, nataka inyooke."

Ilikuwa yake. Dada yake mkubwa alikuwa bado hai huko Pangani, yule aliyemlea, hawezi tena kusafiri, na kila mtu aliyetoka huko alileta swali lilelile: anaishije huko kwenye migomba? Basi Fundi aliweka kamera juu ya magunia ya chumvi, akaketi mbele yake, akajirekodi. Kanda ilikuwa imejaa, na basi lilikuwa linaondoka kesho. Alitaka kipande kifupi, dada yake asichoke. Alikuwa ameketi nayo siku nyingi, kidole juu ya kitufe, na hakujua aanzie wapi.

"Za watu nilizikata," alisema. "Hii siioni."

Tukaketi. Kwenye kioo alitokea amevaa kanzu, kofia imenyooka, mikono ameikalia. Alimsalimu dada yake. Akawasalimu watoto wa dada yake, na wake zao, na majirani. Akaingia kwenye mvua. Akatoka kwenye mvua akaingia kwenye barabara. Nilimgeukia, alikuwa anaangalia sakafu.

Mwisho akasema kwaheri, akainuka kwenda kuzima kamera, na nadhani alibonyeza asipostahili, kwa sababu haikuzimika. Kanda iliendelea. Alivua kanzu, akabaki na shati lake la kazi. Akafuta vumbi kwenye deki kwa ile kanga, moja, kisha nyingine. Mwenye duka la chumvi akamwita kutoka mbele, "Fundi, umemaliza kuongea na ukuta?" naye akacheka kile kicheko chake, akajibu, "Ukuta unasikiliza kuliko wewe." Akamimina chai. Mkono ukatetemeka, chai ikamwagika sahanini, akaiangalia, akacheka, akashika kikombe kwa mikono yote miwili kama mtoto, akanywa. Kisha akalichukua lile kopo la maziwa dirishani, akalitikisa kidogo, bila sababu, akasikiliza vijino vinavyolia, akalirudisha. Na akaimba ile sauti ya pili.

"Salamu zote toa," nilisema.

"Zote? Huyo ni dada yangu! Niache dakika tano."

"Moja."

"Tatu, na majirani nawatoa."

"Moja, na mvua unaitoa."

Akakohoa. Jenereta ilikuwa inasaidia upande wangu, kama siku zote.

"Haya, moja," alisema. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe, kinatetemeka, lakini mahali pake hasa. "Halafu tunakata hapo kwenye chai. Ataona mkono. Atapata wasiwasi bure."

"Kwa nini ulicheka ulipoimwaga?"

Alifikiri. Nje, mwenye duka alikuwa anampimia mtu chumvi.

"Sijui," alisema.

"Unapaelewa hapo?"

"Sipaelewi."

"Basi."

Akaachia kitufe, kanda zikazunguka zote mbili, na chai ikamwagika kutoka deki ya kushoto ikaingia ya kulia. Ilipoisha aliitoa kanda, akanipa, pamoja na kile kisu kidogo cha kuvunjia kijino, kwa kuwa mkono wake haukutaka.